Bwawa la Akina Baba

Mama mmoja wa kijiji cha Mbingu alishuka kwenye bodaboda mbele ya lango la kituo chetu cha kuzalisha vifaranga vya samaki, mkononi ameshika ndoo yenye mfuniko. Aliitua miguuni pangu na, kabla hata ya salamu, akasema, "Dada, madume wenu wamejifungua."

Nilifunua ndoo. Vifaranga vilikuwa vinakimbizana mle ndani, vidogo kama punje za uwele, vingi mpaka sikuona kitako cha ndoo.

"Za nyumbani kwanza, mama."

"Za nyumbani njema. Za bwawani ndizo mbaya. Mlituambia mnatupa madume watupu. Hawa wamekuja na mvua?"

Wenzangu walicheka. Mimi nilishindwa kucheka, kwa sababu nilijua palepale kwamba kuna kitu kimeharibika upande wetu, na kitu chenyewe ndicho nilichokuwa nimekabidhiwa kukilinda. Nawaandikia ninyi mnaoingia sasa kwenye kazi hii ya mabwawa. Mna vifaa vya kupima maji, mna simu za kupiga picha, mna chakula cha samaki kinachokuja kwenye mifuko yenye maandishi. Yote ni mazuri. Lakini sijasikia mtu akiwaeleza habari za bwawa la akina baba, na mimi maisha yangu ya kazi yaliishia pale.

Bonde letu hili la Kilombero lina perege wake. Wazee wetu waliwakuta mtoni wametulia tangu zamani. Hawakui sana. Lakini kiangazi mto unapojitenga na mabwawa ya pembeni, maji yakabaki kidogo, ya moto, yenye tope, perege wa kwetu hukaa humohumo akisubiri masika. Joto lile amelizoea yeye, na kabla yake walilizoea waliomzaa. Sato ni mgeni. Alitoka kwenye maziwa makubwa ya mbali, akaletwa na watu kwenye ndoo na mapipa. Anakua haraka, ananenepa, na sokoni Ifakara akiwekwa juu ya meza kila mtu anamtazama yeye.

Sasa kuna jambo la ajabu ambalo hata mimi sikuliamini mpaka nilipoliona. Ukimchukua jike la sato ukamweka na dume la perege wa kwetu, watoto wanaozaliwa karibu wote ni madume. Machotara hao wanakua vizuri, na kwa kuwa hakuna majike, bwawa la mkulima halijai vitoto vinavyogombania chakula na wakubwa. Mkulima anavuna samaki wa kushika mkononi badala ya dagaa wa kukaanga. Lakini ukigeuza, baba awe sato na mama awe perege, mambo hayaendi hivyo. Na baba akiwa si perege kamili, yaani ana damu ya sato hata ya babu, majike yanarudi. Ndiyo maana palikuwa na bwawa la akina mama, upande wa barabara, na bwawa la akina baba, upande wa minazi. Mimi nilipewa la akina baba.

Nilifikaje hapo? Njaa ilinipeleka. Baba yetu alifariki, mama akamfuata, na mimi nilikuwa darasa la tano nikiwa mkubwa wa watoto watatu. Nilirudisha vitabu vya shule kwa mwalimu nikarudi nyumbani, kijijini Kisawasawa, kumpikia Agnesi na Deo. Nilipokua kidogo nikasikia kituo cha samaki kinatafuta watu wa kufyeka majani kwenye kingo za mabwawa. Nikaenda na fyekeo langu mwenyewe.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Salumu, msimamizi wa mabwawa, mtu mwembamba aliyevaa kofia ileile ya kufuma miaka yote. Alinitazama nikifyeka mpaka nikamaliza ukingo mzima.

"Binti, unaogopa samaki?"

"Siogopi, Mzee. Tunakula samaki nyumbani."

"Sikukuuliza kama unawala. Kumla samaki hata paka anaweza. Nakuuliza kama unaweza kumshika akiwa hai bila kumuumiza."

Sikuweza. Wiki nzima niliwaangusha, wakanipiga mikia usoni, Mzee akawa ananiita Binti Makofi. Siri yake nitawapa bure: lowesha viganja kwanza, mshike samaki kichwa kikiwa kimetazama kwako, na kidole gumba kilaze lile pezi la mgongoni lenye miiba kwa kulisukuma kuelekea mkiani. Ukimshika kwa nyuma kama unakamata kuku, utachomwa na yeye atatoka magamba. Samaki aliyetoka magamba leo utamwokota keshokutwa akielea.

Kazi iliyofuata ilikuwa kutofautisha dume na jike. Mnamgeuza tumbo juu na kutazama karibu na pezi la chini. Jike ana kijipasuo kimoja zaidi, kidogo kuliko ukucha wa mtoto. Macho yangu yalikuwa mazuri lakini hayakukiona. Ndipo Mzee Salumu akatoa mfukoni kichupa cha dawa ya zambarau, ile inayopakwa watoto wenye vidonda mdomoni. Akagusa kwa kijiti cha pamba, akafuta, na pale palipokuwa na mpasuo rangi ikabaki imejichora. Nilishangaa mpaka nikacheka. Siku hiyo nilirudi nyumbani vidole vyote vya zambarau, Agnesi akadhani nimeanza kazi ya hospitali na akataka nimtazame jino.

Lakini jambo ambalo Mzee Salumu hakulifanyia utani hata siku moja lilikuwa wavu. Perege na sato jike hutamia mayai mdomoni. Hata vifaranga vikishatoka, vikiogopa vinarudi kujificha mdomoni kwa mama. Ukimvuta jike kwa wavu, anatapika kila kitu kwa hofu, na vifaranga vinabaki kwenye mikunjo ya wavu, humo kwenye unyevu, hai. Wavu huo ukiupeleka ulivyo kwenye bwawa jingine, umehamisha ukoo mzima na hujui. Kwa hiyo kanuni yake ilikuwa moja tu: wavu ukauke kwanza. Si kukung'utwa wala kusuuzwa. Uanikwe juani, ugeuzwe, ukauke mpaka ukiupangusa shavuni usihisi baridi. Kisha afunue mkunjo kwa mkunjo, atazame, ndipo aseme, "Sasa ingia."

Na kwa kanuni hiyo hakujali mkubwa. Siku moja mkuu wa kituo mwenyewe alikuja na wageni wake, ana haraka, anataka wageni waone akina baba. Wavu pekee uliokuwa karibu ulitoka kwa akina mama asubuhi ile. Mzee Salumu akauanika. Mkuu akasema, "Mzee, wageni wana safari." Mzee akamjibu, "Wapewe viti, bosi." Wageni wakakaa kwenye viti wakitazama wavu ukikauka. Mmoja akapiga picha ya wavu.

Hata hivyo, hatari nyingine hazipiti kwenye wavu. Mnandi, yule ndege mla samaki, anaweza kumdondosha samaki kutoka mdomoni akiwa angani. Mtoto anaweza kutupa samaki wake kwa huruma. Na kuna siku muuza samaki mmoja wa sokoni, rafiki wa Mzee Salumu, alikuja kumshukuru kwa jambo fulani la msiba. Alileta dume moja zuri sana, jeusi, lenye kingo nyekundu kwenye mapezi, likiwa hai ndani ya dumu lililokatwa. Alitukosa, tulikuwa tumekwenda kula. Akaona bora asiliache lifie juani. Akalimimina kwenye bwawa lililokuwa karibu, akatungojea kivulini akiwa na furaha yake.

"Mzee, zawadi yako nimeshaitia ndani."

"Ndani wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu upande wa minazi.

Mzee Salumu alivua kofia, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akajipangusa kichwa, akaivaa tena. "Ahsante sana, ndugu yangu," akasema. Hakumtukana. Alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi, tukafungua mlango wa maji. Tulitoa maji ya bwawa zima, tukapitia samaki mmoja mmoja kwenye tope mpaka tukampata mgeni. Ukimpanua mkia ulikuwa na vimistari vilivyokatikakatika, kama kanga iliyofuliwa mno. Alikuwa chotara. Mkia wa sato una mistari iliyonyooka wazi, wa perege wetu hauna, na wa chotara unakuwa katikati. Tulimla jioni ile. Mzee alisema zawadi hairudishwi.

Basi mnaweza kufikiri, kwa ulinzi wote huo, madume wa yule mama wa Mbingu walijifunguaje.

Ilikuwa masika. Mzee Salumu alikuwa ameshastaafu, na bwawa lilikuwa mikononi mwangu. Mvua ile iliujaza mto mpaka maji yakapanda kwenye mashamba ya mpunga, yakapita mitaro, yakaja kwetu. Tulijaza viroba mchanga tukaviweka ukingoni kama watu wanaozuia ng'ombe kwa fimbo. Maji yalipita juu ya viroba, na kwa muda mabwawa yote na mashamba yote yakawa ziwa moja. Yalipopungua, niliwavuta akina baba wote, nikawatazama mkia kwa mkia. Wenye mistari niliwatoa. Waliobaki walikuwa na sura ya perege kila kitu, rangi, mapezi, mpaka namna ya kukunja mdomo. Nikawaamini.

Macho yangu hayakutosha. Chotara akishazaa na perege, na mtoto huyo akazaa tena na perege, anayekuja baadaye anaweza kuvaa sura ya perege mzima huku damu yake si moja. Mto wetu ulikuwa umejaa watu wa namna hiyo, wametoka kwenye mabwawa ya wakulima kila mafuriko. Mtaalamu wetu wa kituo, kijana mtulivu aliyekuwa amerudi kutoka masomoni, alikata vipande vidogo vya mapezi akavipeleka maabara. Majibu yaliporudi alinikalisha chini.

"Dada, mchanganyiko umeingia bwawa zima."

"Tuwatoe waliochanganyika, wengine wabaki."

"Hakuna wengine."

Tulipeleka ndoo mtoni, sehemu moja baada ya nyingine, mpaka kule ambako wavuvi walituapia kwamba hakuna sato. Vipande vya mapezi vilikwenda, majibu yakarudi yaleyale. Wakulima wa Mbingu na wa huku mjini Ifakara walikuwa wanangoja vifaranga. Akina mama tulikuwa nao. Akina baba hawakuwepo, na baba wa namna ile hauzwi dukani. Perege walioizoea nchi hii wakishachanganyika wote, hakuna mahali pengine duniani pa kwenda kuwaomba.

Siku hizo nilikwenda Kisawasawa kumwona Deo, mdogo wangu wa mwisho, aliyebaki kwenye shamba letu chini ya milima ya Udzungwa. Tulikaa juu ya mawe karibu na dimbwi. Kijito kinatoka mlimani, kinaruka mwamba, kinajaza dimbwi, kisha kinashuka tena jiwe hadi jiwe mpaka mashambani. Deo alikuwa anatupa makombo ya ugali majini, na samaki wanakuja. Nikamwona mmoja mweusi, mwenye kingo nyekundu kwenye mapezi, kama akina baba wetu wa zamani.

Nilikaa nikiwatazama kama mtu aliyekuwa anatafuta ufunguo na kumbe ameukalia. Dimbwi lile lilitulea. Mama alipofariki, nilikuwa nikiona mchana hauna mboga nachukua ndoano, nakwenda pale, narudi na perege wadogo watatu, kila mtoto na wake. Deo alikuwa hali mpaka nimtolee miiba. Baba alituambia aliwakuta, na babu naye aliwakuta. Na mafuriko hayawezi kupanda kule juu, wala samaki wa chini hawezi kupanda mawe yale.

"Deo, kuna mtu yeyote amewahi kumwaga samaki humu?"

"Nani amwage? Watu wanakuja kutoa, si kuweka."

Aliyenihakikishia zaidi ni Masanja, jirani yetu, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake wakati Deo akiwa bado kijana, ambaye mifugo yake hunywa pale kiangazi. Aliniambia ameona maji yakibaki ya kufika magotini mwa ndama, ya vuguvugu, na samaki walewale wamo, wamejibana chini ya jiwe. Tukapeleka vipande vya mapezi maabara. Mtaalamu aliponipigia simu alisema neno moja tu, "Wenyewe." Nililia kidogo, nikiwa nimesimama sokoni kwenye foleni ya mchele.

Tulichukua madume kutoka dimbwini kwetu, tukajenga upya kingo za bwawa la akina baba, juu zaidi. Yule mama wa Mbingu nilimpelekea vifaranga mwenyewe. Alipovuna alinipigia simu. "Dada, safari hii hawajajifungua." Tangu hapo kila akina baba wanapozeeka kituo kinakwenda Kisawasawa kuchukua wengine. Mpaka mimi nikastaafu, mpaka leo.

Kwa hiyo mtaelewa moyo wangu ulivyokuwa siku Deo aliponipigia simu hapa mtaani Viwanja Sitini ninapoishi sasa, akasema, "Dada, njoo uone kazi ya mikono yangu."

Nilikwenda asubuhi. Nikamkuta amesimika vijiti na kuvuta kamba, bwawa zuri limepimwa, kona zimekaa sawa. Lilikuwa juu ya dimbwi, palepale kijito kinapotua kutoka mwambani.

"Shikamoo Dada. Umeona?"

"Marahaba. Nimeona. Utafuga nini?"

"Sato. Kuna mtu Ifakara ataniletea wazazi, majike na madume. Nitazalisha mwenyewe."

"Maji yakizidi yatatokea wapi?"

Akaonyesha kwa jembe. "Yatashukia dimbwini, kama yanavyoshuka sasa."

"Na sato?"

"Dada, sato ataweka wavu wa kuzuia."

"Sato ndiye ataweka?"

"Mimi nitaweka."

"Masika wavu unazibwa na majani, maji yanapita juu. Nimeona viroba vya mchanga vikipitwa, Deo. Akiingia dume mmoja na jike mmoja, dimbwi limekwisha. Hatutaona siku hiyo wala mwaka huo. Tutaona wakati hakuna pa kurudi."

Alichomeka jembe chini. Goti la Deo liliumia zamani, na mashamba ya mpunga yako mbali kule bondeni. Kila msimu anakwenda akichechemea na kurudi akichechemea zaidi. Bwawa karibu na nyumba halikuwa mchezo kwake, na mimi nilijua. Aliponitazama niliona uso wa mtoto niliyekuwa nikimtolea miiba.

"Dada, ulitulea kwa samaki hawa. Leo utuzuie kula kwa ajili yao? Umenilea mimi au umelea perege?"

Ningeweza kukataza. Mimi ndiye mkubwa, na shamba lile nililishikilia wakati ndugu wa baba walipotaka kuligawa. Deo angetii. Kisha kila anapokwenda bondeni akichechemea angenikumbuka, na siku mimi nisipokuwepo angechimba. Ulinzi unaotegemea mimi kuwa hai si ulinzi. Nikakaa juu ya jiwe.

Ndipo Masanja akatokea na ng'ombe wake.

"Mwangaluka," nikamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka mayu. Mbona ndugu mmenuna asubuhi yote? Kuna msiba?"

Deo akamweleza, akitegemea kuungwa mkono. Masanja alisikiliza akiwa ameegemea fimbo, akatazama vijiti, akatazama dimbwi, akatazama ng'ombe wake, wadogo, wenye nundu, wanaotafuna majani makavu kana kwamba ni mazuri.

"Mimi niliwahi kuwa na akili kama yako, Deo," akasema. "Nilinunua dume la kisasa. Kubwa! Watu walikuwa wanakuja kulitazama kama harusi. Nikawaza, nitapandisha kundi lote, hawa vinundu niwauze waishe."

"Ukawauza?"

"Mke wangu alikataa. Tuligombana kama mnavyogombana. Dume likafika kiangazi, joto hili, ndorobo hawa, likaacha kula. Tulilichimbia shimo pale nyuma ya zizi. Ningekuwa nimewauza hawa vinundu, leo ningekuwa nachunga kuku." Akachapa fimbo chini. "Chotara ni mzuri, sikatai. Ninao. Lakini zizi la mbegu silichanganyi. Nikilichanganya, mwakani nitapata wapi cha kuchanganyia?"

Deo akacheka kwa kutopenda. "Masanja, na wewe umehongwa na Dada."

"Dada yako hajanipa hata chai."

"Sasa nichimbe wapi? Angani?"

Hapo ndipo neno lilipopatikana, na nawaomba mlishike, maana ni la kazi na si la familia yetu tu. Mbegu ikae juu, mchanganyiko ukae chini. Maji hayapandi, na samaki hapandi jiwe lililo juu ya goti la mtu. Nikamwambia Deo achimbe chini ya dimbwi, maji yatoke dimbwini yaingie kwake kwa kudondoka, na ya kwake yaende mashambani. Mto wa chini umeshachanganyika, hilo sikuweza kulizuia. La juu tunaweza.

Wote wawili wakageuka kutazama chini ya dimbwi. Palikuwa ndipo njia ya ng'ombe wa Masanja. Mnajua kwetu huku mkulima na mfugaji wakitazama kipande kimoja cha ardhi kwa pamoja, watu wazima huanza kutafuta pa kukaa, maana ugomvi hauko mbali. Ng'ombe mmoja akaingia majini na kukojoa.

"Na hawa wanywe wapi?" Masanja akauliza.

Deo alikuna kichwa. "Nikijenga birika la saruji kule kando ya njia, nikavuta bomba kutoka dimbwini... wanywe bila kukanyaga?"

"Birika refu. Wasipigane."

"Refu."

"Na kivuli cha ng'ombe wangu usikiondoe."

"Kivuli chako, Masanja, nani akiguse?"

Masanja akatema mate pembeni, akatikisa kichwa kwamba sawa. "Ila chai sasa nipewe. Nimefanya kazi ya hakimu."

Deo alichimba chini. Na wazazi wa sato hakuwaleta. Kituo kilimpa vifaranga machotara, madume, ambao mama zao ni wa upande wa barabara na baba zao walitoka dimbwini kwake mwenyewe. Anawaita wapwa zake. Ng'ombe walipoacha kukanyaga dimbwi, perege wakaanza kuchimba viota vyao ukingoni, unaviona kama masahani yaliyozama.

Mwaka huu nilikwenda kumtembelea wakati kituo kinakuja kuchukua akina baba. Asubuhi nilikuwa nimemsaidia jirani yangu wa Viwanja Sitini kuvuna kibwawa chake, nikaukunja wavu wangu, nikautia kwenye kiroba, nikapanda gari. Nilifika Kisawasawa jua limepanda, mtaalamu na wenzake hawajafika. Wajukuu wangu, watoto wa watoto wa Deo, wakataka kumwona dume mwenye kingo nyekundu. Nikavua viatu, nikatoa wavu, nikashuka kwenye mawe.

"Dada, simama hapohapo."

Deo alikuwa anakuja akichechemea, haraka kuliko nilivyowahi kumwona.

"Wavu huo umetoka wapi?"

"Kwa jirani. Nimeukung'uta vizuri."

"Umekauka?"

"Deo, nimesafiri nao, watoto wanangoja..."

Akanyoosha mkono, akaugusa wavu, akaupangusa shavuni. "Una baridi," akasema. "Uanike."

"Hata mimi?"

"Wewe hasa."

Niliutandaza juu ya mwamba. Tulikaa pembeni, Agnesi mdogo, mjukuu aliyepewa jina la dada yetu, akatuletea mihogo ya kuchemsha, tukala tukiutazama. Deo aliugeuza upande wa pili, akakaa tena. Mzee Salumu hakuwahi kumwona mtu huyu, wala mimi sikumbuki kumfundisha.

Jua lilipopinda kidogo aliinuka, akaufunua mkunjo kwa mkunjo, akiinamisha uso karibu kabisa. Hapakuwa na kitu. Akanikabidhi.

"Sasa ingia," akasema.